Unga wa mirathi, na majina yaliyochomwa

Wiki kadhaa sasa nasoma habari za kesi ya sumu ya Paris enzi za Louis wa 14, mfalme wa Ufaransa, na kuna kitu kinaniuma, yaani kila anayeisimulia anaanza na uchawi, anasema sumu ni silaha ya wanawake, basi kamaliza. Hapana jamani. Angalieni tu jina ambalo Wafaransa wenyewe waliipa arseniki, sumu ya unga, wakati ule, unga wa mirathi. Kesi yote iko hapo.

Brinvilliers, mke wa kabaila, alimuua babake 1666, halafu 1670 wakafuata ndugu zake wawili wa kiume, na alichokuwa anakitaka ni mali. Julai 1676 akakatwa kichwa, mwili ukachomwa, na Madame de Sévigné, mwandishi wa barua wa enzi hizo, akaandika kwenye barua kwamba majivu yamepeperuka na sasa Paris nzima inamvuta puani. Kila nikifika hapo nasisimka.

Halafu La Voisin, mpiga ramli. Wake za watu walimwendea kwanza kuulizia nyota tu, mume wangu atakufa lini, na talaka hakuna, kanisa halitaki hata kuisikia, kwa hiyo swali la atakufa lini linageuka polepole linakuwa tufanyeje afe. Simtetei, aliua, na Februari 1680 alichomwa hai.

Kinachoniudhi ni mfalme. Mahakama maalum ya kesi hizi za sumu ilitaja washukiwa zaidi ya 400 na kuua 36 kwa jumla, ila lilipoibuka jina la Madame de Montespan, hawara wake aliyemzalia watoto, mambo yakabadilika, 1682 mahakama ikafungwa. Mwaka huohuo ikatoka sheria kwamba muuza dawa aandike daftarini kila anayenunua arseniki, sheria nzuri kabisa, nakubali, lakini 1709 huyohuyo mfalme akachoma kwa siri karatasi zilizomtaja Montespan! Tunajua leo kwa sababu La Reynie, mkuu wa polisi, aliacha maandishi yake.

Na wale waliojua mengi hawakupandishwa kizimbani kabisa. Walipelekwa kwenye ngome za mbali wakafungwa minyororo ukutani mpaka kufa, na walinzi waliagizwa wawachape wakithubutu kupiga kelele, asije mtu akasikia wanamtaja nani.