Nunua buti la kushukia, la kupandia utalipata humohumo

Msimu wa kupanda Kilimanjaro ukikaribia naulizwa sana na ndugu na marafiki wanunue buti gani, na wengi wanakuja tayari na jibu lao, wanataka tu niseme ndio. Wameona la bei kali dukani, lina jina kubwa, limeandikwa Gore-Tex pembeni, ile tabaka ya kuzuia maji, basi wameshaliamini. Mi swali langu kwao ni moja: umelijaribu kwenye mteremko? Karibu wote wanakuwa hawajalijaribu, wamesimama nalo kwenye kapeti, wakajiangalia kwenye kioo, wakalipa.

Msimamo wangu ni kwamba buti la mlima linachaguliwa kwa ajili ya kushuka. Kupanda kunakula pumzi na mapaja, lakini vidole vya miguu vinakuwa vimepumzika, mnaenda polepole, na hata kiatu cha kawaida kitakusogeza mbali. Kushuka ndo kazi ya kiatu inaanza.

Piga hesabu mwenyewe. Ukipanda kwa njia ya Machame au Lemosho utashukia njia ya Mweka. Usiku wa kilele unatoka kambi ya Barafu, mita 4,673, unafika kilele cha Uhuru mita 5,895 asubuhi asubuhi, halafu siku hiyohiyo unatakiwa ukalale Mweka kambini, kwenye mita kama 3,100. Hizo ni karibu mita 2,800 za mteremko kwa miguu ambayo haijalala, na kesho yake unaamka unashuka tena mita kama 1,500 ndani ya msitu, ngazi za magogo, mizizi, tope linateleza, mpaka getini. Ukipita njia ya Marangu ni nafuu kidogo ila bado unatoka kileleni mpaka kambi ya Horombo, mita 3,720, siku ileile.

Sasa angalia mguu wenyewe unafanyaje. Kwenye changarawe za chini ya Stella Point, pale ukingoni mwa kreta karibu na kilele, unaserereka, kila hatua kisigino kinazama, mwili unakuja na uzito wake wote, mguu unasogea mbele ndani ya buti na kidole gumba kinagonga ukuta wa mbele. Kugonga mara moja hakuumi. Lakini ni hatua maelfu. Jioni ukivua soksi kucha inakuwa imegeuka rangi ya zambarau iliyoiva, ukiibonyeza unaona kabisa damu imevilia chini yake, na hiyo kucha mwisho wake inakuwa nyeusi na kung'oka. Watu wanarudi wanasema mlima umewaumiza wakati ni nusu saizi tu walikosea dukani.

Kwa hiyo ukienda kununua nenda jioni, mguu ukiwa umeshatembea na kuvimba, na uende na soksi zilezile utakazovaa mlimani, za sufu, sio za pamba maana pamba ikishaloa jasho inabaki mbichi na hapo malengelenge ni uhakika. Ingiza mguu kabla ya kufunga kamba, usukume mbele mpaka vidole viguse, nyuma ya kisigino kidole chako cha shahada kiingie bila kulazimisha. Halafu funga kamba vizuri, tafuta mteremko. Duka kama halina ngazi, nje kuna barabara, mwombe muuzaji akusindikize kama hakuamini, shuka kwa kukanyaga kwa nguvu na upige ncha ya buti chini mara tatu nne. Vidole vikigusa mbele hata kidogo, liache. Kisha panda tena: kisigino kisinyanyuke ndani, kikinyanyuka kitachubuka. Vipimo ni hivyo viwili tu, vidole visiguse ukishuka na kisigino kisicheze ukipanda, na buti likivipita vyote mi sina shida na jina lililoandikwa juu yake wala kama halina jina kabisa.

Kuna watu wananunua la kubana halafu wanasema litaachia. Ngozi inaachia kidogo kwa upana, urefu hauongezeki hata ulivae mwaka mzima. Na kuna wengine wanavaa soksi jozi mbili nene ili wasisikie baridi ya kileleni, ndani ya buti ambalo tayari limejaa, hapo wanazidisha baridi maana damu haipiti na vidole vinakufa ganzi. Nafasi ndani ya buti ndio joto lenyewe, vidole viweze kuchezacheza muda wote.

Hiyo Gore-Tex sasa. Siipingi kwa Kilimanjaro, kule juu theluji na ubaridi vipo na mguu mkavu ni jambo la maana. Ila haitakiwi iwe sababu ya kwanza ya kuchagua. Maji yakishaingia kwa juu, kwenye shingo ya buti, hayatoki kirahisi na kiatu cha namna hiyo kukauka ni shida. Nenda milima ya Rwenzori upande wa Uganda uone, kule matope ya kwenye vinamasi yanafika magotini na waongozaji wa kule sehemu kubwa ya njia wanatembea na gambuti za mpira, zilezile za shambani, kwa sababu wanaijua ardhi yao. Na kama safari yako ni mlima Longonot wa Kenya, ya siku moja, au kutembea vijijini Lushoto, buti zito la nini? Raba yenye meno mazuri inatosha, pesa iliyobaki nunua soksi.

Nije kwenye mitumba, maana najua wengi wetu tunanunua huko na mi mwenyewe ni mtu wa soko la Memorial pale Moshi, nazipenda zile meza. Mabuti mazuri yapo, tena ya ngozi nzito ambayo dukani ungelipia mara kadhaa ya bei ile. Lakini kuna ugonjwa mmoja lazima uujue. Kati ya soli ya nje na ngozi kuna tabaka la povu, kwenye mabuti mengi ni poliyurethani, na hilo povu linazeeka hata kiatu kisipovaliwa, unyevu wa hewa unalila taratibu kwa miaka mpaka linakuwa unga. Ndo maana unaweza kukuta buti linang'aa, meno ya soli hayajaguswa, ukasema nimepata mpya kwa bei ya bure, kumbe limekaa kabatini kwa mtu Ulaya miaka kumi. Kwenye kundi moja nililopanda nalo jamaa alikuwa na la namna hiyo, limepigwa dawa vizuri, zuri kwa macho. Tulipotoka kambi ya Barranco kuelekea kambi ya Karanga soli ya kulia ikaanza kufungua mdomo mbele, mchana ikabaki imeshikwa na kisigino tu na kila akikanyaga vinadondoka vipande kama makombo ya keki kavu. Mwongozaji akaifunga kwa kamba ya hema na tepu, na hivyo ndivyo alivyoenda siku zilizobaki, pole yake jamani, maana alikuwa na nguvu za kufika kileleni na kilichomrudisha ni kiatu.

Pale mezani fanya hivi. Bonyeza lile povu pembeni kwa kucha ya kidole gumba, likirudi haraka ni zima, likibaki na shimo au likimeguka achana nalo. Likunje buti kwa mikono miwili kama vile mguu unavyokunja ukitembea, utazame kama kuna nyufa ndogondogo zinafunguka pembeni. Harufu kali ya gundi ina maana soli imeshabandikwa upya, na gundi ya juu ya povu bovu haina kazi. Fundi mzuri anaweza kuweka soli nyingine kabisa na kuishona kwa uzi, hilo nakubali, ila lifanyike miezi kadhaa kabla ili ulivae sokoni, kazini, kanisani, popote pale, ulijue.

Na kukodi je? Kodi jaketi, kodi begi la kulalia, kodi fimbo, Moshi vitu hivyo vimejaa na ni akili kukodi kuliko kununua kitu cha wiki moja. Buti usikodi. Limeshachukua umbo la mguu wa mtu mwingine na utakutana nalo jioni ya kuamkia safari, huna siku ya kulijaribu wala ya kulibadilisha. Mtu ana pesa ya kulipia mlima, ambayo sio ndogo, halafu anabana kwenye kitu kimoja kinachogusa ardhi, hilo kwa kweli linaniumiza.

Linaloniumiza zaidi ni miguu ya wapagazi. Kiwango cha mzigo ni kilo 20, mizigo inapimwa kwenye mzani, vizuri kabisa, lakini mteremko niliousema hapo juu na wao wanaushuka, tena mbiombio wakiwa na hema na masufuria kichwani ili mgeni akute kambi tayari, na bado unakutana na kijana amevaa raba ambayo soli imelainika kama sahani. Pale Moshi mradi wa KPAP, wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, unawaazima wapagazi nguo na vifaa vya mlima bila malipo, wanastahili shukrani, ila isiwe kazi ya mradi peke yake. Wewe unayelipa una sauti. Kabla hujatuma hela kwa kampuni yoyote waulize wapagazi wao wanavaa nini miguuni na nani anahakikisha, na siku ya geti, wakati mizigo inapimwa, shusha macho uangalie mwenyewe. Ukiona raba iliyoisha mwambie mwongozaji palepale, mkiwa bado getini, kabla hamjaanza kupanda.