Nyota Tano za Siku ya Kwanza

Nikitaka kununua blenda mtandaoni, naanzia kwenye maoni ya wanunuzi, na hapo ndipo hasira zinaponipanda. "Imefika haraka, imefungwa vizuri, nyota tano." Ndugu yangu, hayo ni maoni ya boksi. Blenda yenyewe hujaiwasha!

Kosa si la mnunuzi peke yake. Duka humtumia ujumbe wa kuomba maoni mzigo ukiwa ndiyo kwanza umefika, wakati mtu bado anafurahia kitu kipya. Atajua nini? Blenda haimuumbui mtengenezaji wake wiki ya kwanza. Husubiri mpira wa chini ya kisu ulegee, jagi lianze kuvuja, mota itoe harufu ya kuungua ukisaga kitu kigumu kidogo. Na aliyefikwa na hayo harudi kuandika. Ameshanunua nyingine, na hiyo nayo ameipa nyota tano.

Amazon iliwaruhusu wanunuzi kuandika maoni tangu 1995, ilipokuwa ingali duka la vitabu. Kwa kitabu utaratibu huo unafaa: ukikimaliza, unajua kama kinafaa au la. Pasi haina ukurasa wa mwisho.

Siku hizi serikali zinawabana wanaouza maoni bandia. Marekani ilipitisha kanuni ya kuyapiga marufuku mwaka 2024, na marufuku ya Uingereza ikaanza kazi 2025. Vyema sana. Ila yanayonisumbua mimi ni maoni ya kweli, ya watu waaminifu wasiolipwa hata senti. Yamewahi mno, basi.

Kwa hiyo nasoma ya nyota tatu. Ya nyota moja, mengi ni ugomvi na aliyeleta mzigo. Kisha kwenye kisanduku cha kutafuta naandika "inavuja" au "baada ya mwaka", nione wanaojitokeza. Naangalia pia kama ule mpira na jagi vinauzwa peke yake. Anayeuza vipuri angalau anategemea chombo chake kitadumu hadi vihitajike.

Duka linajua tarehe niliyonunua. Lingeweza kuniuliza tena baada ya mwaka, bila gharama ya maana. Halifanyi hivyo, nami nashuku ni kwa sababu wakati huo lingependa zaidi kuniuzia nyingine.