Kijani cha mkorosho si afya ya pori

Nimeonyeshwa ramani ya mradi mmoja wa mazingira: kijani ni "uoto wenye afya", nyekundu ni "uoto ulioharibika". Mikorosho ya Tandahimba, huku kusini mwa Tanzania, kijani kimekoza. Pori la miombo la Liwale, jekundu tupu. Nikauliza picha ilipigwa lini. Septemba, wakanijibu, maana hakuna mawingu.

Septemba jamani! Kiangazi miombo inapukutisha majani, mtoto yeyote wa huku anajua. Mkorosho haupukutishi. Setilaiti imesoma ukijani tu. Haina habari kwamba mti huo asili yake Brazil, wala kwamba chini yake pamepaliliwa mpaka mchanga unang'aa. Kwa hesabu hiyo, fyeka pori lote panda korosho, afya ya uoto itapanda. Hongereni.

Haya, setilaiti inafika ambako miguu haifiki, na ukilinganisha picha za masika mwaka hadi mwaka, pori lililofyekwa kwa ajili ya ufuta utaliona. Lakini hata kwenye picha nzuri za bure, nukta moja ya picha ni mita 10 kwa 10 za ardhi. Komba wa Rondo, kanyama ka usiku ka misitu ya huku, ana gramu 60 hivi; nukta hiyo itamwonaje?

Kwa hiyo shukeni kwenye gari. Chukueni kamba, pimeni mita 20 kwa 20 kwenye kichaka kilichoachwa mpakani mwa shamba. Hesabuni aina za miti ya asili. Tazameni visiki: vinachipua, au moto wa kila mwaka umevimaliza? Mpingo upo mmoja mzee, au na miche yake? Kuna mti wenye tundu? Kisha mkapime vivyo hivyo kwenye pori la aina ileile ambalo halijaguswa sana, ndipo mlinganishe.

Na muulizeni anayechimba ming'oko, mizizi ya porini inayoliwa kama viazi. Ile tunayonunua imechemshwa, tukaichovya kwenye chumvi na pilipili, inatoka vichakani. Mchimbaji akisema siku hizi anaifuata mbali, andikeni. Hicho nacho ni kipimo, hata kama hakina rangi.



Kinachonikera zaidi ni kwamba wanataka kuwalipa wakulima kwa kufuata ramani hiyohiyo. Nikauliza: kijiji kilichotunza miombo yake kitapata nini? Nikaambiwa nitume swali kwa barua pepe.