Wabistone si hadithi ya farasi waliokula watu peke yake

Mhariri, makala yenu imewataja Wabistone, kabila la kale la Thrace (eneo la kaskazini mwa Bahari ya Aegea), kwa ajili ya mfalme wao Diomedes na farasi wake waliokula watu, basi. Mmewapunja! Wagiriki walisema jina la kabila hilo limetokana na Biston, mwana wa Ares, mungu wa vita. Mama yake Callirrhoe alikuwa binti wa mungu wa mto Nestus, mto wa jirani kabisa na nchi yao. Na Strabo, mwanajiografia wa kale wa Kigiriki, anaeleza Heracles, shujaa wa hadithi za Kigiriki, alivyowashinda: uwanda wao ulikuwa chini ya usawa wa bahari, akachimba mfereji ufukweni, maji yakawafurikia. Ziwa lao bado lipo kaskazini mwa Ugiriki, linaitwa Vistonida. Ongezeni hata aya moja, tafadhali.