Arles kwa nusu siku

Ratiba ya kawaida ya meli za kitalii za mtoni ni hii. Meli inatia gati Arles, kusini mwa Ufaransa, abiria wakiwa bado usingizini. Saa tatu asubuhi wanashuka, kila mmoja na kifaa cha kusikilizia sikioni, wanamfuata mwongoza watalii aliyenyanyua kibao chenye namba. Wanauzunguka uwanja wa Kirumi, wanachungulia ukumbi wa maigizo uliobakiwa na nguzo mbili, wanapiga picha mkahawa wa manjano ambao Vincent van Gogh aliuchora, na saa sita na nusu wamesharudi melini kula. Mji uliofanywa koloni la askari wastaafu wa Julius Caesar mwaka 46 KK unamalizwa kabla ya chakula cha mchana.

Wanaozichukia safari za meli za mtoni huona hapo hapana tena cha kujadili. Mimi naona kipo, na kwanza ni kwa sababu lawama nyingi wanazozitoa wameziazima kutoka kwenye kesi ya meli za baharini. Italia ilizipiga marufuku meli kubwa kupita mbele ya uwanja wa Mtakatifu Marko, Venice, mwezi Agosti 2021, na ilikuwa na sababu: chombo kimoja kinashusha maelfu ya watu kwa mpigo. Aliyewahi kuona meli ya aina hiyo ikifika Unguja, vichochoro vya Mji Mkongwe vikafurika asubuhi na kubaki vyeupe jioni, anaijua kesi hiyo bila kufika Venice. Meli ya Rhône, mto unaopita Arles, ni kitu kingine. Malango ya kupandishia na kushushia vyombo mtoni yana upana wa mita 12 tu, kwa hiyo hata meli kubwa, yenye urefu wa takribani mita 135, hubeba abiria wasiofika 200.

Hata hivyo 200 si wachache katika mtaa wa upana wa mikono miwili, na meli haziji moja moja. Gati likijaa hufungwa ubavu kwa ubavu, abiria wa ile ya nje wakapita ndani ya ile ya kwanza ili kufika nchi kavu. Amsterdam, ambako mito na mifereji ndiyo barabara, ilitangaza mwaka 2024 kwamba itapunguza meli za kitalii za mtoni kwa takribani nusu ifikapo 2028. Kwa hiyo hoja ya udogo inasaidia, lakini haifuti deni lote.

Kwenye pesa, wapinzani wana nguvu zaidi. Abiria amelipia kitanda, chakula, divai na ziara kabla hajaondoka kwao. Mjini anaacha bei ya kahawa, kadi ya posta, labda kipande cha sabuni ya mrujuani. Anayefaidika kwa hakika ni mwongoza watalii, kwani Ufaransa inataka anayeongoza watu kwenye makumbusho na majengo ya kihistoria awe na kadi ya taaluma. Hiyo ni kazi ya heshima, ila haiwezi kumfidia mwenye hoteli ambaye vyumba vyake havikulaliwa.

Sasa upande wa pili, ambao nauona mzito kuliko unavyopewa nafasi.

Arles ni mji wa mto. Anayefika kwa gari au treni hukutana kwanza na uwanja ule mkubwa, matao 60 juu ya matao 60, nafasi za watu wapatao 20,000, akadhani mji uliishi kwa michezo. Uliishi kwa shehena. Mwaka 49 KK Caesar, akitaka kuizingira Marseille iliyokuwa upande wa adui yake Pompeius, aliagiza manowari 12 zijengwe Arles. Zikawa tayari siku 30 tangu miti ilipokatwa. Marseille ikaanguka, sehemu kubwa ya ardhi yake ikaenda kwa Arles, na biashara ikafuata. Mafuta, divai na mchuzi wa samaki vilitoka baharini vikahamishiwa hapa kwenye vyombo vya mtoni kuelekea kaskazini. Wenye vyombo wa Arles walikuwa na vyama vyao, na sauti yao ilifika mbali: kibao cha shaba cha mwanzo wa karne ya 3 kinachohusu malalamiko yao kuhusu shehena za serikali kilipatikana Beirut.

Mgeni anayeshuka melini anaanza mahali pale pale ambapo mji ulianzia kazi yake. Anauona mto ulivyo mpana, anasikia upepo wa mistral unavyosukuma, anaelewa kwa nini mtu angejenga hapa. Basi la watalii haliwezi kumpa hilo.

Lakini nisiipambe hoja hii kupita kiasi. Matangazo ya safari yakisema utafika kama Mrumi, yanatania. Mto wa leo umefungwa kamba. Kati ya Lyon na bahari kuna malango 12, na lile la Bollène, lililofunguliwa mwaka 1952, linashusha meli takribani mita 23 kwa mkupuo, abiria akiwa na glasi mkononi. Rhône ya Warumi ilikuwa ya kasi na michanga. Kuteremka kulitaka ujuzi, na kupanda ilikuwa kukokota chombo kwa kamba kutoka ukingoni. Hata sasa mto hukataa amri mara moja moja: maji yakijaa, meli hazipiti chini ya madaraja, na wasafiri wa mtoni wanamalizia safari kwa basi.

Aibu halisi ya ziara ya nusu siku naiona kwingine. Meli inamfikisha mgeni kwa mlango sahihi, kisha ratiba inamgeuza mgongo. Ndani ya dakika tano kundi limeuacha mto na halirudi kuuzungumzia. Ng'ambo ya gati, upande wa Trinquetaille, ndiko ilikogunduliwa mwaka 2004 jahazi la Kirumi la urefu wa mita 31, chini bapa, lililozama katikati ya karne ya 1 BK likiwa na shehena ya mawe ya tani zipatazo 30. Lilikaa kwenye matope lililoyalalia kwa karibu miaka elfu mbili, likatolewa mwaka 2011 vipande vipande, na tangu Oktoba 2013 limelazwa zima katika makumbusho ya mambo ya kale ya Arles. Meli ya kitalii ni ndefu zaidi ya mara nne kuliko jahazi hilo, lakini kazi ni ya ukoo mmoja. Humo humo kuna kichwa cha marumaru kilichoopolewa mtoni mwaka 2007 ambacho wenyeji wanakitangaza kuwa ni Caesar mwenyewe. Wataalamu kadhaa wamekataa, na ubishi huo peke yake unatosha kwa asubuhi nzima.

Makumbusho hayo yapo kama kilomita moja kutoka katikati ya mji. Kilomita moja! Kwa ratiba ya saa tatu hadi saa sita na nusu, umbali huo ni kama nchi nyingine. Badala yake muda unaliwa na Van Gogh, aliyeishi Arles kuanzia Februari 1888 hadi Mei 1889 na kuchora picha za rangi zipatazo 200, ilhali mji wenyewe haumiliki hata moja ya michoro yake ya rangi ya mafuta. Watu wanapiga picha turubai la mkahawa huku jirani yake, kwenye ukuta wa hoteli, nguzo mbili za hekalu la Kirumi zimechomoza, na chini ya mtaa huo huo kuna kumbi za mawe zilizobeba soko kuu la kale.

Na hata uwanja unasimuliwa nusu. Wapiganaji wa upanga hawakosekani, lakini katika zama za kati jengo lile liligeuzwa ngome, minara ikainuliwa juu yake, na ndani zikabanana nyumba zaidi ya 200 na makanisa mawili. Wakazi walihamishwa katika karne ya 19, na mwaka 1830 mbio za mafahali zikafanyika humo kusherehekea Ufaransa kuiteka Algiers. Mgeni aliyetoka Afrika angestahili kuambiwa hilo akiwa amesimama pale pale.

Wapo watakaosema abiria wengi ni wazee, magoti hayaruhusu zaidi. Nakubali, na ni hoja kubwa kuliko inavyosikika: meli huwapeleka Arles watu ambao wasingeweza kubadilisha hoteli na treni kila siku ya pili. Lakini goti bovu linateseka zaidi kwenye ngazi za uwanja kuliko kwenye sakafu tambarare ya makumbusho.

Kwa hiyo ningekuwa na sauti mjini pale, nisingeanza kwa kupunguza idadi ya meli kama Amsterdam. Ningezitaka zilale. Usiku mmoja gatini hautamfanya abiria ale nje, kwani chakula ameshalipia, na wenye mikahawa wasitarajie muujiza. Utampa siku ya pili, na siku ya pili ndiyo inayotoa nafasi ya ile kilomita moja. Kampuni nyingine tayari hulaza meli hapo. Anayepanga safari aulize hilo kabla ya kuuliza habari za divai, kisha atazame na siku ya kufika, maana kila Jumanne makumbusho hufungwa.