Paul Müller na dawa ukoko

Septemba 1939, katika maabara ya kampuni ya Geigy mjini Basel, Uswisi, mkemia Paul Hermann Müller alipulizia dawa kidogo ndani ya kasha la kioo, akaingiza inzi. Wakaanguka chali. Akaliosha kasha vizuri, akaingiza inzi wengine ambao hawajaguswa na dawa. Nao walipotua tu kwenye kioo, wakaanguka. Ikambidi alifungue kasha vipande vipande, alisugue, kisha aliache nje lipigwe na upepo kwa karibu mwezi mzima ndipo aendelee na majaribio yake.

Tangu 1935 alikuwa amejaribu kemikali 349 bila mafanikio. Hii ya 350 ndiyo DDT. Mkemia mwingine, Othmar Zeidler, alikuwa ameshaitengeneza mwaka 1874, ila hakujua kwamba inaua wadudu.

Tanzania dawa inayopulizwa kwenye kuta ili kuua mbu tunaiita dawa ukoko, kwa kuwa inang'ang'ania ukuta kama wali ulioganda chini ya sufuria. Ukoko ndio hasa Müller alioutafuta. Dawa ya kutegemewa zama hizo ilikuwa pareto, ua ambalo wakulima wa nyanda za juu za Kenya na Tanzania wanalifahamu vyema. Pareto humwangusha mdudu papo hapo, lakini jua likiipiga inaisha nguvu. Müller alitaka dawa ya bei nafuu, isiyomdhuru mtu, na inayodumu. Sifa zote anazopewa na lawama zote anazotupiwa zimetokana na huko kudumu.

Tuanze na sifa, maana ni nzito. Majira ya baridi ya 1943 na 1944, homa ya tifasi inayoenezwa na chawa ilizuka Naples, Italia. Watu zaidi ya milioni moja walipuliziwa unga wa DDT ndani ya mikono ya mashati na kwenye kola, na ugonjwa ukazimwa katikati ya baridi kali. Mwaka 1948 Müller, ambaye hakuwa daktari wa tiba, alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba. Sri Lanka nayo ilishuka kutoka wagonjwa wa malaria zaidi ya milioni mbili kwa mwaka hadi 17 tu mwaka 1963. Anayemhukumu Müller bila kuzitaja roho hizo anamdhulumu.

Lakini unga uleule ulimwagwa mashambani kwa ndege, tani kwa maelfu ya tani. Huko ukoko haukuwa na ukuta wa kushika. Ukaingia kwenye udongo na maji, ukajikusanya katika mafuta ya samaki, na ndege waliokula samaki wakataga mayai yenye maganda membamba yanayopasuka mama akiyalalia. Rachel Carson, mwandishi na mwanabiolojia wa Marekani, aliyaandika madhara haya mwaka 1962. Müller alifariki 1965, na Marekani ikapiga marufuku matumizi ya mashambani mwaka 1972.

Wapo wanaodai kwamba marufuku hiyo ndiyo iliyowaua watoto wa Afrika kwa malaria. Sikubaliani nao. Sri Lanka ilipunguza upuliziaji baada ya wagonjwa kuisha, miaka kadhaa kabla ya 1972, na malaria ikarudi kwa kishindo 1968. Zaidi ya hapo, dawa iliyotapakaa mashambani iliwazoesha mbu wa sehemu nyingi, wakawa sugu. Mkataba wa Stockholm wa 2001, ule wa kimataifa wa kudhibiti kemikali za sumu zinazodumu, wenyewe unairuhusu DDT kwa kudhibiti wadudu wanaoeneza magonjwa.

Hata hivyo, wanaotaka ifutwe kabisa waitazame Afrika Kusini. Iliiacha mwaka 1996 ikatumia dawa nyingine, mbu sugu wakarudi jimbo la KwaZulu-Natal, wagonjwa wakaongezeka mno, na mwaka 2000 DDT ikarejeshwa.

Kwangu mimi mpaka uko kati ya ukuta na shamba. Ukutani zinatosha gramu 2 kwa mita ya mraba. Mbu akishakunywa damu hutua hapo kupumzika, na hapo ndipo anapokutana na kifo chake. Nyumba yenye kuta za mita za mraba 200 inahitaji gramu 400.

Ila ukuta nao ni wa watu. Dawa huacha madoa meupe, na wenye nyumba wengine huukandika upya, kazi yote ikapotea. Mabaki yake yamepimwa kwenye maziwa ya akina mama wa maeneo yanayopuliziwa, na tangu 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wanaihesabu kuwa huenda inasababisha saratani. Na mwaka 2008, Uganda ilipopulizia DDT nyumba za wilaya za Apac na Oyam, wafanyabiashara wa pamba isiyotumia kemikali walikwenda mahakamani na zoezi likasimamishwa. Mkulima wa huko huhifadhi mavuno ndani ya nyumba ileile anamolala na watoto wake, chini ya ukuta uleule.