Boksi la Spana ni la Kuhesabia Kwanza, Kubebea Baadaye

Orodha ya mahitaji ya mwanafunzi wa ufundi magari huwa na mistari iliyonyooka. Ovaroli moja, ya bluu. Viatu vyenye chuma mbele, jozi moja. Spana kombi, 8 hadi 24. Kisha unafika mstari wa "boksi la spana, 1" na maelezo yanaishia hapo. Urefu haujatajwa, unene wa bati haujatajwa, wala aina. Mzazi anaingia Kariakoo, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, na mstari huo mmoja mkononi, muuzaji anamwonyesha kitu chekundu kinachong'aa, na pesa iliyotafutwa kwa jasho inaondoka. Baada ya miezi sita kifuniko hakifungi, trei zimeinama upande mmoja, na soketi tano hazijulikani zilipo. Hili linaniudhi kwa sababu linazuilika, na anayeumia ni yule asiye na pesa ya kununua mara ya pili.

Kosa linaanzia kwenye wazo kwamba boksi ni chombo cha kubebea. Kubebea hata gunia linabeba. Kazi ya kwanza ya boksi la fundi ni kumwambia saa kumi na moja jioni, mikono imechoka na mwenye gari ameshika ufunguo, kwamba soketi ya milimita 10 haijarudi. Boksi lisiloweza kukuambia hivyo ndani ya nusu dakika ni bovu, hata lingekuwa la chuma cha reli ya treni.

Nasema ya 10 kwa makusudi. Toyota nyingi zilizojaa kwenye gereji zetu unazifungua kwa 10, 12, 14, 17 na 19, na nati za tairi kwa 21. Ya 10 inashikwa kuliko zote na ndiyo inayopotea kuliko zote. Inabaki juu ya manifoldi, inadondokea kwenye kava la chini ya injini, au inakaa karibu na mkanda wa altaneta hadi gari litikisike barabarani. Spana iliyosahauliwa juu ya betri ni hatari zaidi: ikigusa nguzo chanya upande mmoja na bodi upande wa pili, inawaka nyekundu kwa sekunde chache, na betri iliyotoka kuchajiwa hutoa gesi ya haidrojeni. Cheche moja inaweza kuipasua.

Wenzetu wa ndege wamelijua hili zamani, ndiyo maana kila kifaa chao kina kitanda chake na kila zamu inafungwa kwa hesabu. Na hata wao wakilegeza, yanatokea. Desemba 2023, huko Los Angeles, kifaa cha nailoni chenye urefu wa mita 1.25 kilisahauliwa ndani ya injini ya ndege ya Qantas aina ya A380. Ndege iliruka safari 34, karibu saa 300 angani, kabla hakijaonekana. Ripoti ya wachunguzi wa Australia ya mwaka 2024 inaeleza wazi kwamba utaratibu wa kuhesabu vifaa haukufuatwa ipasavyo. Kama mita nzima na robo inaweza kusahaulika kwenye karakana ya namna hiyo, soketi yenye urefu wa sentimita nne chini ya mwembe ina nafasi gani?

Basi wadogo zangu, mkifika dukani anzeni na swali hili: nikifungua, naona kila kitu kwa mara moja?

Boksi la shimo moja, lenye kitrei kidogo juu na kisima chini, linaanguka hapo hapo. Kila kitu kinakaa juu ya kingine, unachimba, unakwangua vidole, na ukimaliza kazi unatupia tu. Linauzwa kwa bei nafuu na linaishi muda mrefu kwa sababu halina kitu cha kuharibika, hilo nalikubali. Kwa fundi wa mabomba linatosha. Kwa anayejifunza magari, hapana.

Boksi la trei tano, lile linalokunjuka pande mbili kama mabawa, ndilo ninalolipendekeza kwa mwanafunzi anayesafiri nalo. Likifunguka, trei nne za juu na ile ya chini zote ziko wazi machoni. Udhaifu wake uko kwenye mikono ya bati inayobeba trei, hasa riveti zinazoishika. Riveti nyembamba inatafuna tundu lake, tundu linakuwa la yai, trei inainama, mwishowe kifuniko hakikutani. Kwa hiyo fungua trei zote dukani, shika trei ya juu kabisa kwa vidole viwili, itikise kushoto na kulia. Ikicheza zaidi ya nusu sentimita ikiwa mpya na tupu, ukiiwekea kilo mbili za spana itakuwaje? Aliye nalo tayari asilitupe. Toboa riveti zilizolegea, weka boliti za M5 (unene wa milimita 5) zenye nati za kujikaza, zile zenye nailoni ndani, na vipete bapa vya chuma (washa) viwili kila upande. Kaza mpaka mchezo uishe lakini mkono bado uzunguke.

Unene wa bati upime, usiulize. Muuzaji atakwambia "hii nzito" na atakuwa hasemi kitu. Kama unayo venia kalipa, kile kipimo chenye taya cha kupimia unene, bana ukingo wa trei mahali ambapo bati halijakunjwa. Kumbuka rangi ya unga iliyookwa huongeza karibu milimita 0.15 kwa pande mbili pamoja, hivyo venia ikisoma 0.75, bati lenyewe ni kama 0.6. Kwa trei nisingeshuka chini ya 0.7, na kwa mwili wa boksi nataka 0.8 au zaidi. Wakikutajia geji, yaani namba ya unene wa bati, ni mantiki ile ile ya bati la kuezekea: namba ikipanda, bati linapungua. Geji 20 ni karibu milimita 0.9, geji 22 karibu 0.75, geji 24 karibu 0.6.

Lakini unene nao una bei yake kwenye bega. Boksi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 lina eneo la mita za mraba 0.9. Kwa bati la milimita 1 hiyo ni kilo 7 za chuma kabla hujaweka hata bisibisi moja. Spana kombi 14 zinakaribia kilo mbili, seti ya soketi za nusu inchi (kipimo cha tundu la kuchomekea mpini) yenye vipande 24 kama kilo tano, ongeza nyundo, koleo, bisibisi na maltimita, unakuwa na kilo 17 au 18 za kupanda nazo daladala. Anayetaka bati la milimita 1.2 kwa boksi la kubebwa kila siku hajafikiria ngazi ya hosteli.

Urefu wa ndani unaamuliwa na kifaa chako kirefu kuliko vyote. Toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, ya nusu inchi, ya kawaida hadi Nm 200 (kipimo cha nguvu hiyo), ina urefu wa sentimita 45 hadi 50. Maboksi mengi ya trei tano ni ya sentimita 43 kwa nje. Mwaka wa kwanza hutaiona shida, mwaka wa pili toki renchi inalala nje ya boksi, inakanyagwa, na kifaa cha kupimia kikikanyagwa kimekwisha. Chukua la sentimita 53 kama lipo. (Na ukiihifadhi toki renchi, irudishe kwenye alama yake ya chini kabisa, springi isilale ikiwa imekazwa.)

Kabati la droo lenye magurudumu ni zuri, na kwa anayefanya kazi palepale, sakafu ya zege na mlango wenye kufuli, sina ubishi naye. Mwanafunzi hana mahali hapo. Uwanja wa changarawe unayameza magurudumu ya inchi mbili, na juu ya ardhi isiyosawa magurudumu matatu tu ndiyo hubeba mzigo wote, la nne linaning'inia. Kama ni lazima ununue la droo, chukua dogo la mezani lenye droo tatu, na pesa yote iende kwenye reli. Reli ya gololi, siyo ya kuteleza bati kwa bati. Vuta droo mpaka mwisho, kandamiza pembe ya mbele kwa kiganja: ikishuka kidogo na kurudi, sawa, ikilia na kubaki imeinama, iache. Na iwe inatoka yote. Droo inayoishia robo tatu inakuficha robo ya nyuma, na huko nyuma ndiko soketi za kukopwa na za kusahaulika zinakoishi.

Boksi la plastiki haliozi, na kwa wakazi wa Tanga, Mombasa na Unguja ambako chumvi ya baharini inakula kila kitu, hilo si jambo dogo. Ila jua linaikausha plastiki, na klipu ndizo zinazokatika kwanza.

Mikoba ya soketi yenye vishimo vilivyofinyangwa ina kasoro nyingi, bawaba laini, klipu dhaifu, huwezi kuongeza hata kifaa kimoja. Lakini kishimo kitupu kinaonekana. Wazo hilo ndilo la kuhamishia kwenye boksi lako, na halihitaji pesa nyingi.

Tafuta sponji ngumu, ile ya mikeka ya watoto inayounganishwa kama fumbo, yenye unene wa milimita 10. Sponji ya godoro usiiguse: inanyonya oili na maji, na spana zinapata kutu zikiwa zimelala. Nunua rangi mbili, nyeusi kwa juu na nyekundu au njano nyembamba kwa chini. Kata kiolezo cha karatasi kwanza kwa kipimo cha trei, panga vifaa juu yake mpaka uridhike, ukiacha angalau milimita 8 kati ya kifaa na kifaa. Hamishia mistari kwenye sponji nyeusi, kata kwa wembe mpya milimita 2 ndani ya mstari ili kifaa kishikwe, kisha toboa kijishimo cha kidole katikati ya kila kitanda. Paka gundi ya viatu pande zote mbili, subiri ikauke hadi isishike kidole, kama dakika kumi, ndipo ubandike. Kuanzia hapo, kifaa kisiporudi rangi nyekundu inakutazama.

Ndani ya kifuniko andika jumla kwa rangi. Seti ya kuanzia, kwa mfano: spana kombi 14, vipande vya soketi 24, bisibisi 6, koleo 3, alenki (funguo za pembe sita) 9, soketi za plagi 2 (ya 16 na ya 21), nyundo, fila geji (vibati vya kupimia nafasi nyembamba), taa ya kupimia umeme na maltimita. Jumla 62. Hesabu kabla boneti haijashuka. Baada ya kushuka, unahesabu ili ujue tu umepoteza nini.

Kama hakuna dukani linalofaa, mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, au wale wa Kamukunji, Nairobi, wanaotengeneza masanduku ya wanafunzi wa bweni watakutengenezea, mradi uende na mchoro. Shiti ya futi 8 kwa 4 ya milimita 1 ina uzito wa kilo 23, inatoa maboksi mawili na trei zake, kwa hiyo nendeni wawili. Mwambieni fundi atumie shiti nyeusi, isiyopakwa zinki. Moshi wa kuchomelea bati lenye zinki ni sumu. Kingo zote zikunjwe milimita 10 kwenda ndani, zisikate mikono. Bawaba iwe ndefu, upande hadi upande, na ifungwe kwa ndani. Pete ya kufuli ishikwe kwa boliti za kichwa cha mviringo, nati ndani, maana nimechoka kuona boksi lenye kufuli la maana huku pete yake imefungwa kwa skrubu inayofunguka kwa bisibisi ya mwizi yeyote. Chini wachomelee vipande viwili vya engo (chuma cha pembe) ya milimita 25, boksi lisilale kwenye maji. Redi oksaidi, rangi ya kuzuia kutu, kwanza, ndani na nje, hasa kwenye mikunjo ambako kutu huanzia, kisha rangi. Ukilipokea, pima mshazari kwa mshazari, yaani kona hadi kona inayoikabili, kwa futi ya mkanda: tofauti ikizidi milimita 4, boksi limepinda na kifuniko kitakusumbua, lirudishe siku hiyo hiyo.

Sponji italoa oili, hilo halikwepeki. Ioshe kwa sabuni ya unga na maji ya uvuguvugu kila mwisho wa mwezi, uikaushe kivulini. Baada ya mwaka au miwili itachoka na utakata nyingine, kwa hiyo kile kiolezo cha karatasi kikunje, kitie kwenye bahasha ya plastiki, ukibandike chini ya trei ya chini kabisa.